Manyoya ya Kasoli

Maximiliana alikuwa ameshawatangazia. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote baadaye: kabla hata hajapanda basi, Bariadi nzima ilikuwa inajua kwamba wanajeshi watalalia magodoro yake. Alimwambia muuza dagaa wa Lamadi pale sokoni, akamwambia katekista baada ya misa, akamwambia hata fundi saa ambaye wala hakuuliza. "Barua ninayo," alikuwa akisema, huku akijigonga kifuani ilikokaa barua pamoja na ufunguo wa stoo.

Na barua ilikuwa ya kweli. Ilitoka kwenye mtandao wa wazalishaji wadogo wa Kanda ya Ziwa, uliokusanya mafundi wa Mara, Kagera, Shinyanga na Mwanza ili wapate kuuza kwa pamoja. Safari hii mnunuzi alikuwa jeshi. Bwana Severine, katibu wa mtandao, alikuwa ameandika kwa mkono wake: njoo na sampuli ya manyoya ya pamba, wataalamu wa jeshi wanayahitaji. Maximiliana alisoma mara mbili, akacheka peke yake. Jeshi linataka manyoya ya pamba ya nini kama si ya kulalia?

Manyoya yenyewe aliyapata Kasoli. Tangu soko la pamba lifunguliwe na ushirika kuanza kuyumba, watu binafsi walikuja na mizani zao, na mmoja wao akajenga pale kiwanda cha kukamua mafuta. Mashine ilinyoa mbegu kabla ya kuzikamua, na yale manyoya yakatupwa nyuma ya uzio, upepo ukayamwaga kwenye mahindi ya watu mpaka majirani wakalalamika. Maximiliana alikwenda na magunia matatu, akaomba. Meneja Mashimba, akimwita mama kwa Kisukuma, alimwambia, "Chukua mayu, na ukiweza ufagie kabisa."

Huo ulikuwa mwaka wa nne sasa. Sebuleni kwake, mtaa wa Malambo, wanawake kumi na wawili walikaa kwenye mikeka kuanzia asubuhi, wakitoa maganda na mchanga unywele kwa unywele. Hapo ndipo ilipojulikana nani kaposwa Migato na nani kadaiwa ng'ombe arudishe Zagayu. Maximiliana alikuwa na sheria moja: hakuna kutia konzi yako ya manyoya guniani kabla habari inayosimuliwa haijafika mwisho. Kwa hiyo habari ikiwa ndefu, konzi moja ilichambuliwa mara mbili, mara tatu, mpaka ikawa nyeupe kama povu la maziwa. Wageni walidhani wanawake wale wanapiga soga tu. Lakini walikuwa wanakula hapo. Manyoya yakikatika, kumi na wawili wote wangerudi kulima vibarua kwenye mashamba ya watu, na Maximiliana angebaki na mikeka mitupu.

Basi akashona godoro moja zuri kuliko yote aliyowahi kushona, kitambaa cha maua mekundu, pembe zimekazwa kwa uzi wa rangi mbili. Likafungwa juu ya basi. Konda akamuuliza, "Mama, unahamia Mwanza au unapeleka mwali?"

"Napeleka kwa mume mmoja ana wake elfu ishirini," akajibu, na basi zima likacheka.

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa parokia. Kulikuwa na mtengeneza ngozi wa Musoma aliyetaka kushona buti, mhunzi wa Sengerema mwenye bawaba zake, na wageni wawili kutoka ng'ambo ya ziwa waliokuja kuona majirani wanafanyaje. Safu ya mbele, miguu ameinyoosha, alikaa Mashimba wa Kasoli. Maximiliana alifurahi kumwona mtu wa kwao. "Mwangaluka, meneja," akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Godoro la nini sasa?"

"Utaona."

Ilipofika zamu yake, alilifungua mezani, akalipapasa mbele yao kama anavyopapasa mtoto. Kapteni Januarius, mhandisi wa jeshi, mtu mwembamba mwenye miwani, alisimama. Hakulilalia. Hakulibonyeza. Alitoa kisu mfukoni akapasua maua mekundu kuanzia pembe hadi pembe.

Maximiliana alinyoosha mikono kumzuia, akachelewa.

Kapteni alichota konzi, akaisogeza dirishani kwenye mwanga, akaivutavuta kwa vidole. "Nani kachambua hii?"

"Sisi. Wanawake wa kwangu."

"Kwa mashine gani?"

"Kwa mikono, baba. Na mdomo," akasema, lakini hakuna aliyecheka.

"Miezi minane tunazunguka kanda nzima," Kapteni akawaambia wenzake. "Kila kiwanda kinatuletea uchafu. Hii ni safi." Kitambaa kilichopasuka alikuwa ameshakisukuma chini ya meza kwa mguu. Kisha, kama mwalimu, akafungua kikopo chake kidogo na kuibana kwa koleo pamba iliyofanana kabisa na ile ya godoro. "Hii nayo ilikuwa manyoya kama hayo. Imepitishwa kwenye dawa kiwandani, basi."

Akaigusa kwa kiberiti.

Hapakuwa na moto wa kuuita moto. Kulikuwa na mmweko mmoja wa manjano, fwaa, joto likawapiga usoni, halafu koleo tupu. Hakuna moshi, hakuna jivu. Mhunzi wa Sengerema aliinama kutafuta chini ya meza.

"Imekwenda wapi?" Maximiliana akauliza.

"Ndiyo inayosukuma risasi, mama. Baruti ya siku hizi inaanzia kwenye pamba."

Alikaa chini bila kutafuta kiti, bahati nzuri kilikuwepo. Kichwani alikuwa anapita nyumba moja moja: godoro la padri, godoro la wodi ya wazazi, ya mabweni ya wasichana, lile la wajukuu zake watatu wanaolala mzungu wa nne. Alijua kwamba yale hayakupitishwa kwenye dawa yoyote. Alijua, na bado akayahesabu upya. Alipoinua macho ndipo akaona jambo la pili, baya zaidi kwake. Mashimba alikuwa amekunja miguu, ameegemea mbele, anaandika.

Kesho yake alishukia Kasoli kabla ya kufika kwake. Nyuma ya uzio, lile lundo la miaka minne lilikuwa limefunikwa turubai jipya, na mlinzi amekaa juu yake.

"Shikamoo mama. Nimeambiwa hakuna mtu kuchukua."

"Hata mimi, Mihayo? Mimi niliyekupa mto wa kulalia?"

"Wewe ndiye umetajwa kwa jina," Mihayo akasema, akatazama pembeni.

Akapita mpaka ofisini kwa Mashimba, hakubisha hodi. Walisemezana Kisukuma, maana Kiswahili hakikutosha. Alimwambia ni yeye aliyemfagilia uwanja majirani walipotaka kumshitaki. Mashimba akamwambia biashara ni huria siku hizi, kila mtu na chake. Ndipo Maximiliana, aliyekuwa ameshafika mlangoni, akageuka.

"Kapteni alisema uchafu wa viwanda hautaki. Ulimsikia."

"Nitaajiri watu."

"Ajiri. Utawalipa kwa kilo, nao watakimbiza kilo. Utapeleka maganda." Akashika kitasa. "Wa kwangu hawakimbizi."

Mashimba aligonga meza kwa kalamu muda mrefu. Walichokubaliana kilikuwa hiki: kila wiki Maximiliana amletee magunia matano yaliyochambuliwa kwa ajili ya jeshi, na kwa malipo ya hayo achukue manyoya mengine yote anayotaka ya magodoro. Wiki ikipita bila matano, turubai linarudi.

Alifika nyumbani ameshinda, na hakuweza kuwatazama usoni. Wote kumi na wawili walikuwa wanamsubiri, pamoja na jirani zao, wamejaa hadi uani. "Haya, wanajeshi wamelalaje?" Milembe akauliza kwa utani.

Akawaambia. Mtu asiyeweza kuficha habari ya mwenzake atafichaje ya kwake? Aliwaambia kisu, koleo, mmweko, akaonyesha kwa mkono jinsi ilivyotoweka. Kwa mara ya kwanza katika nyumba ile, habari iliisha na hakuna aliyeuliza ikawaje.

Evalina ndiye aliyeanza kujikung'uta mapajani, polepole, mpaka unywele wa mwisho ulipoanguka mkekani. Kaka yake Magese alikwenda vita vya Uganda mwaka sabini na nane; lilirudi begi lake. Evalina ndiye aliyekuwa na vidole vyepesi kuliko wote. "Dada," akasema, "miaka minne hii nimekuwa nikishika hiki?"

"Ulikuwa unashika godoro, Evalina."

"Na kesho?"

Maximiliana alitandika mkeka wa pili upande wa dirisha. "Wa magodoro wakae pale pale. Wa jeshi waje huku. Simlazimishi mtu." Akakaa yeye kwenye mkeka mpya. Hakuna aliyemfuata.

Siku ya kwanza alichambua peke yake, mgongo umewageukia. Nyuma yake walianza kunong'ona, halafu kucheka chini chini. Yeye, ambaye kila habari ya mtaa ilianzia au kuishia kwake, hakuisikia.

"Mnasemaje huko?" akauliza mwishowe.

"Tunaongea mambo ya magodoro," Milembe akajibu.

Jioni gunia lilikuwa halijafika robo. Siku ya pili likafika nusu. Wote waliliona, na wote walijua turubai likirudi hakuna godoro wala mkeka. Asubuhi ya tatu Ndaki, mwenye watoto wanne shuleni, alisimama, akavuka sebule, akakaa. "Sogea, shangazi," akasema tu. Kufikia mchana walikuwa wamevuka watano. Kesho yake wote, isipokuwa Evalina, aliyebaki peke yake kwenye mkeka wa zamani na lundo lake la magodoro.

Magunia yalijaa haraka, na yalikuwa machafu. Maximiliana alitia mkono ndani ya la tatu, akatoka na maganda. Watu kumi na wawili kwenye mkeka mmoja na hakuna anayesema neno. Konzi inaguswa mara moja na kutiwa. Kapteni angeyarudisha. Akawabembeleza waongee. Milembe akaanza kisa cha mama mkwe wake, kikafia katikati.

Ndipo Evalina, bila kuinua kichwa, akaanza kwa sauti ya kuwafikia ng'ambo ya sebule. Ilikuwa habari ya Constantine wa Zagayu, aliyepeleka ng'ombe wa mahari, na usiku ng'ombe mmoja akarudi kwao kwa miguu yake, na jinsi wakwe walivyokuja alfajiri kumdai bwana harusi, wakamkuta amemkumbatia ng'ombe huyo akiwaapia huyu ni mwingine. Alikisimulia taratibu, na sauti ya wakwe, na sauti ya ng'ombe. Vidole vikaanza kurudi nyuma, vikachambua tena, vikachambua tena. Ng'ombe alipoitikia jina lake mbele ya mashahidi, sebule yote ikaangua kicheko, na kicheko kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha Maximiliana.

Alikisikia mwenyewe. Akainamisha macho. Vidole vyake vilikuwa havijasimama hata kidogo, na konzi iliyokuwa mkononi ilikuwa safi kabisa, tayari kwa gunia la jeshi.