Mara ya Tatu

Mji mzima wa Duluth unajua adabu ya kahawa. Ukikaribishwa, unakataa. Ukikaribishwa tena unakataa tena, ila kwa sauti ya chini kidogo. Mara ya tatu unasema haya basi, nusu kikombe tu, nao wanakujazia. Anayekubali mara ya kwanza ama ana njaa ama ni mgeni.

Verna Lindahl alilelewa hivyo, na hicho ndicho kilichomponza.

Alikuwa mpishi wa shirika dogo linalowapelekea wazee chakula majumbani. Walikuwa watu sita tu, na bosi wao Todd kila mkutano aliuanza kwa kusema, "Sisi hapa ni familia." Novemba ile alilisema neno hilo huku ameinamisha macho. Bima ya afya ya wafanyakazi imepanda tena, alisema, na safari hii shirika haliwezi.

"Kwani tumeugua nini?" akauliza LaDonna, dereva. "Mimi hata mafua sijapata."

"Siyo kuugua. Wanaangalia umri. Kikundi kidogo kama chetu, mmoja akiwa... akiwa amesogea kidogo, bei ya wote inapanda."

Hakuna aliyemtazama Verna. Kwa jinsi walivyojitahidi kutomtazama, afadhali wangemnyooshea kidole. Alikuwa na miaka sitini na moja, na bima ya serikali ya wazee ilikuwa bado miaka minne. Mumewe Orrin, ambaye kisukari kilishamfika kwenye figo, alitibiwa kwa bima hiyo hiyo ya mkewe.

Basi Verna akafanya alivyofunzwa. Akajitolea ili akataliwe.

"Labda mimi niondoke tu, kama itasaidia."

"Hapana, Verna, usiseme hivyo," Todd akajibu haraka, na moyo wa Verna ukatulia.

Angeishia hapo. Lakini ukikataliwa mara moja ukanyamaza, watu watasema ulikuwa unajisemea tu.

"Kweli, Todd. Sitaki kuwa mzigo kwa wenzangu."

"Aa, hapana, mama. Tutaona la kufanya."

Sauti yake ilikuwa imeshuka kidogo. Verna aliitambua sauti ile, ni ya mtu anayeitaka kahawa. Hofu ikamshika. Alitaka kunyamaza, lakini wote walikuwa kimya wakimngoja, na mdomo ukatangulia.

"Mimi niko tayari, jamani."

Todd akashusha pumzi. "Haya, basi. Kama una uhakika."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Na Todd ni mzaliwa wa hapa hapa. Asije akamdanganya mtu kwamba hakuelewa.

Orrin alipoambiwa aliuliza jambo moja tu. "Hakukataa?"

"Alikataa mara mbili."

Orrin akageukia dirishani.

Siku ya kumuaga walinunua keki iliyoandikwa kwa sukari, *Familia Daima*. Kikabaki kipande cha mwisho, na kama kawaida hakuna aliyethubutu kukimaliza. Kila aliyepita alikata nusu yake, kisha mwingine nusu ya nusu. Mwishowe Todd akamnyooshea Verna sinia.

"Chukua, Verna."

Wakamngoja akatae.

"Nipe," alisema Verna. Akakila pale pale, amesimama, mpaka makombo. Kisha akamrudishia Todd sinia tupu.

"Na cha Orrin?"