Redio Laini

Kama kuna mtu ambaye mtaa wa bondeni ulimwamini kuchagua kitu, ni yule fundi cherehani waliyemwita Kipimo. Hakununua hata uzi bila kuuvuta kwanza. Kitambaa alikisugua kwa kidole gumba huku amefumba macho, maana ndivyo mama mkwe wake alivyomfundisha alipoolewa: macho hudanganywa na rangi, kidole hakidanganywi. Kwa hiyo baada ya mafuriko kuwakuta umeme umekatika na simu zimezima, watu wakakubaliana kila nyumba iwe na redio ya kusikilizia tahadhari, na kazi ya kuzichagua wakamkabidhi yeye.

Muuza redio akamwekea mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa kubwa, yenye sura mbaya, swichi mbili za kuzungusha na mahali pa kutia betri za kawaida. Ya pili ilikuwa nyembamba, ya kuchaji, uso wake wote kioo, unagusa tu. Kipimo akafumba macho, akapitisha kidole. Ile mbaya ilijieleza yenyewe: hapa kuwasha, hapa kutafuta stesheni. Ile nzuri ilikuwa laini tupu, mwanzo hadi mwisho. Mwenye macho mazima angeiwasha bila shida. Mama mkwe wake, aliyekuwa na ukungu kwenye macho yote mawili, asingeiweza kamwe.

Alijua. Tusimtafutie visingizio hapa. Alijua palepale dukani.

Lakini mama mkwe alikuwa na redio yake ya zamani, nayo ilinguruma tangu alfajiri: matangazo ya vifo, mahubiri, mpira, bei za mazao. Kipimo alishona na kelele hizo kichwani miaka nenda miaka rudi, na kumwambia mama mzaa mumewe apunguze sauti ni utovu wa adabu. Sasa redio yenyewe ilikuwa imeanza kukohoa. Ikifa, akawaza, na hii mpya ikiwa laini hivi, nyumba itapata amani. Akachukua za kioo. Majirani wakazisifu mno. Hata kinyozi, ambaye husifu tu vichwa alivyovinyoa mwenyewe, alisema safari hii bondeni wameendelea.

Redio ya zamani ikafa kweli. Mama mkwe akapewa mpya, akaipapasa, akashukuru, akaiweka kichwani pa kitanda. Nyumba ikanyamaza. Kipimo alishona kwa utulivu alioutamani siku zote, na utulivu wenyewe ukamchoma. Kila akipita mlango wa chumba cha mama mkwe, kule uani, aliinamisha uso, kana kwamba yule mama angemwona. Hata hivyo hakusema neno, wala hakurudi dukani.

Mvua kubwa ilikuja mchana, naye amepeleka sare za wanafunzi mtaa wa juu. Tangazo alilisikia kwa mteja wake: walio bondeni wapande juu mara moja. Akaacha sare, akaacha na viatu, akatoka mbio. Njiani alipishana na majirani wanapanda, redio kwapani. Kila mmoja alidhani bibi ameshatoka, kwa kuwa redio anayo.

Alimkuta amesimama juu ya kitanda, maji yamefika kwenye godoro. Redio alikuwa ameiinua juu ya kichwa kwa mikono miwili ili isilowe. Haikuwa imewashwa.

Alimbeba mgongoni mpaka juu, asiweze kusema lolote ila pole, mama, pole.

Jioni, katika darasa walimojihifadhi, kinyozi akauliza, kwa hasira ya mtu aliyeogopa, ilikuwaje bibi asisikie. Kabla Kipimo hajafungua mdomo, mama mkwe akajibu kwamba kosa ni lake, uzee huu, alisahau kuiwasha. Mkwe wake alichagua vizuri, wasimlaumu. Watu wakacheka kwa upole, wakarudi kwenye mablanketi yao.

Kipimo angeweza kuliacha lipite. Jambo lilikuwa limefunikwa, tena na yule aliyekuwa na haki ya kulifunua. Lakini aliweka kikombe cha chai chini. Akapiga magoti mbele ya yule mama, akasema kwa sauti ambayo kinyozi naye angeisikia.

"Mama, hukusahau. Niliichagua nikijua kabisa hutaiweza. Nilichoshwa na redio yako."

Mama mkwe akapapasa kuutafuta mkono wake, akaupata, akakishika kidole gumba.

"Najua, mwanangu. Nilijua siku ileile uliyoniletea. Kidole hiki si nilikufundisha mimi? Ulidhani changu kimekufa? Nikasema, kumbe namchosha mtoto wa watu. Nikanyamaza."