Lusweti Hana Bibi

Nagudi alipofika na debe la maji kichwani, aliwakuta majirani wamejaa mlangoni kwake wanacheka. Wakarima, mwenye ploti, ndiye aliyekuwa anaongoza kicheko.

"Leo nimekuokoa, mama," alisema. "Kuna mtu wa tai alikuja na faili, anauliza kama Lusweti fundi wa mbao ana bibi kutoka Uganda. Nikamwambia Lusweti hana bibi, anaishi peke yake kama padri."

"Na mimi nikaapa," akadakia Mideva wa chumba cha pili. "Nikamwambia hata sufuria hana."

Ndivyo walivyoishi pale Kawangware. Mtu wa faili akibisha, awe wa kanjo, wale askari wa jiji, au wa korti, anayeulizwa hayuko na hajawahi kuwako. Nagudi mwenyewe alikuwa amewaficha wengi hivyo, Mideva na pombe yake ya busaa wakiwa wa kwanza.

Aliteremsha debe polepole. Tangu aombe uraia kama bibi wa Mkenya, alikuwa akimngoja mtu huyo wa uhamiaji aje awaulize majirani kama kweli anaishi na mumewe Lusweti. Wasipokubali, angerudishwa Mbale, na kwao Mbale hakubaki mtu. Alitafuta machozi, hakuyapata.

"Aliandika?" aliuliza.

"Yote. Akatushukuru, akapanda gari lake. Kwani ni nani?"

Nagudi aliwatazama. Nyuso zote zilikuwa zinangoja asante.

"Ni mtu tu," akasema. "Asanteni. Ingieni mnywe chai."

Wakaingia wote, wakabanana kitandani. Mideva akaenda kwake kuleta sufuria kubwa, maana ile ya Nagudi isingewatosha.