Mume wa Pili wa Christiane

Christiane aliolewa mara ya pili Jumamosi moja saa tisa mchana, mumewe wa kwanza akiwa mzima wa afya, na mama mkwe wake akiwa palepale sebuleni anachambua maharagwe. Bwana harusi alikuwa mfua chuma mwenye ndevu nyekundu, mkazi wa mji wenye theluji, ndani ya televisheni.

Usimcheke upesi. Mashine ile ya michezo aliachiwa na kaka yake Elie alipohamia Kolwezi, ikakaa mwaka mzima juu ya kabati, imefunikwa kitambaa. Siku alipoiwasha kwa udadisi tu, alikuta nchi nzima humo ndani: misitu, mito, mazimwi yanayoruka, wachawi wanaorusha moto, na hakuna anayekuuliza unakwenda wapi. Wengine hucheza mchezo wa namna hiyo ili washinde vita. Christiane vita aliviweka kando. Shujaa wake alimwita Ngalula, jina la bibi yake mzaa mama, akampa upinde na farasi, akaanza kutembea. Akiona kilima, alitaka kujua kuna nini nyuma yake. Nyuma yake kulikuwa na ziwa, na ng'ambo ya ziwa moshi, na kwenye moshi watu. Huyu ni mwanamke ambaye kwa miaka minane hapo Likasi njia zake zilikuwa tatu: nyumbani, parokiani, na ofisini anakopiga chapa barua za watu. Sasa alikaa kwenye kiti cha plastiki akicheka peke yake. Umeme ukikatika, alisonya kama mtu aliyenyang'anywa tonge mdomoni.

Cyrille, mumewe, hakujali. Jumamosi zake alizimalizia mtaa wa Kakontwe kwa mwanamke aitwaye Jessica. Mtaa mzima ulijua, na mama yake Cyrille, mama Germaine, alijua pia. Akiulizwa, alisema mwanaume ni mwanaume, akaendelea na shughuli zake.

Sasa, kule mchezoni, ukitaka nyumba lazima uolewe kwanza. Christiane alimzunguka yule mfua chuma wiki tatu, akimletea ngozi za mbwa mwitu, mpaka Jumamosi ile akavishwa mkufu mbele ya kuhani. Akapiga kigelegele.

“Njo nini tena?” mama Germaine aliuliza.

“Mama, nimeolewa! Angalia bwana yangu mupya! Na mukufu alinipa!”

Alikuwa anatania. Ndilo kosa lake, kutania jambo lile mbele ya mama mkwe wa Kasai. Kwa Waluba wa Kasai, hata hawa ambao babu zao waliletwa Katanga kuchimba shaba na wao wenyewe Kasai hawajaiona kwa macho, mke akipokea mapenzi ya mwanaume mwingine, au zawadi yake tu, kisha akanyamaza, wazee waliokufa humpiga mtoto wake kwa ugonjwa. Jambo hilo huitwa tshibawu. Dawa yake ni moja: mke aketi chini mbele ya ukoo wa mume, aseme yote. Mume hana tshibawu, alale atakako. Aliyepanga hivyo bila shaka hakuwa mwanamke.

Jumatano, Merdi, mtoto wao pekee mwenye miaka minne, alishikwa na homa. Hospitalini walisema ni malaria, wakamtundikia dripu. Ijumaa homa ilikuwa haijashuka. Mama Germaine alikuja, akasimama kando ya kitanda, wala hakumtazama mtoto. Alimtazama Christiane.

“Weye unajua yenye ulifanya.”

“Mama, ile ni jeu, ni muchezo. Ni picha tu, haiko muntu.”

“Minye siko mujinga. Najua haiko muntu. Lakini miaka munane uko kwetu, sijasikia weye unacheka vile. Roho yako ilienda. Na roho njo tshibawu inatafutaka.”

Daktari alikuwa amesema wawe na subira, dawa itashika baada ya siku mbili tatu. Lakini Christiane aliyaona yaliyo mbele yake. Akikataa kusema, kisha mtoto akafa, yeye ndiye muuaji, na hata kaburi la mwanawe hatalisogelea. Akikubali, atakuwa mzinifu mpaka kufa. Alimfuata Cyrille koridoni.

“Cyrille, bambie bandugu haiko muntu. Weye uliona ile jeu, ulikuwa unaicheka.”

Cyrille alichezea ufunguo wa pikipiki yake.

“Sema tu, ikwishe. Mama anaogopa.”

“Na jina yangu?”

“Minye najua haiko kitu. Haitoshi?”

Haikutosha. Christiane alimchukia wakati ule, kwa chuki safi kabisa, kwa sababu neno moja la mwanaume yule lingemwokoa na alilimeza.

Jumapili baada ya misa alikaa kwenye mkeka mbele ya ukoo wa Cyrille, miguu ameinyoosha, kuku mweupe amefungwa kando yake. Mjomba Augustin, mkubwa wa ukoo, ndiye aliyeuliza.

“Bwana mwingine iko?”

“Iko.”

“Alikupa nini?”

“Mukufu.”

Shangazi mmoja alikohoa ili asicheke. Cyrille, kwenye kiti chake karibu na mlango, alitabasamu.

“Ulimupenda?”

Alikuwa amejiandaa kujibu ndiyo, kama mtu anavyotia sahihi karatasi asiyoisoma. Alipofungua mdomo, akagundua kwamba hadanganyi. Machozi yakamtoka.

“Nilimupenda. Kila nikirudi kwake, alikuwa anasimama. Alikuwa ananiuliza nimetoka wapi, nimeona nini. Nilikuwa nazunguka milima yote ile ili nirudi tu nimukute.”

Hakuna aliyekohoa tena. Wanawake wawili watatu waliangalia chini. Tabasamu la Cyrille lilikuwa limekwisha.

Kuku akachinjwa, maji yakanyunyizwa. Jumatatu asubuhi Merdi aliamka hana homa, akaomba chai na mkate. Daktari alishukuru dawa yake, ukoo ukashukuru kuku wao. Mama Germaine alileta bukari, yaani ugali, na samaki, akala na Christiane sahani moja, akamwita mtoto wangu.

“Cheza jeu yako,” alimwambia. “Ulishasema, sasa haiko kitu.”

Cyrille alikuwa ameshahamishia godoro lake sebuleni. Wiki mbili baadaye alibeba nguo zake zote akaenda kukaa kwa Jessica. Mjomba Augustin alipomfuata kumuuliza sababu, akimkumbusha kwamba tshibawu imeondolewa na mambo yamekwisha, alijibu kwamba hawezi kulala na mwanamke aliyempenda mtu mwingine. Ukoo mzima, ulioamini yote yale, ulikuwa umemsamehe Christiane. Cyrille peke yake, aliyejua tangu mwanzo kwamba hakuna mtu, ndiye aliyeshindwa.