Wekundu Unaoelekea Kusini

Mukai aliitazama dira, akaitazama sumaku, hasira ikampanda. Ncha nyekundu ya sumaku, ile ambayo vitabu vyote vinaiita kaskazini, ilikuwa ikivuta kaskazini ya mshale wa dira. Na kaskazini haivuti kaskazini hata siku moja.

Sababu aliijua. Jumamosi iliyopita Mwalimu Matheka alizirudishia nguvu sumaku zao zilizochoka. Kila moja aliitia ndani ya koili ya waya, akagusisha waya kwenye betri ya gari mara moja tu. Hii ya tatu aliitia kinyume. Mukai alimwambia papo hapo, naye akamjibu kwamba stima haina mbele wala nyuma. Mwalimu mzima!

Leo, katika darasa lao la watu wazima huko Makadara, ulikuwa mtihani wa mchujo wa mwaka 1981. Ambaye angepita angetiliwa sahihi fomu ya mtihani wa taifa, na bila mtihani huo kiwanda cha sabuni alichofanyia kazi hakingempokea Mukai kujifunza ufundi wa umeme. Angefunga sabuni mpaka azeeke. Swali lilitaka wataje ncha ipi ya sumaku ni kaskazini na ipi ni kusini.

"Si uandike tu rangi twende," Dedan wa meza ya pili alimnong'oneza.

Mukai akaandika alichokiona: upande mwekundu ni kusini. Matheka akamwekea sifuri.

"Kwani rangi huioni?"

"Itundike kwa uzi, Mwalimu."

Matheka aliitundika shingo upande. Sumaku ikazunguka, ikatulia, wekundu ukielekea Industrial Area. Kila mtu darasani alijua huko ni kusini. Mwalimu akakohoa.

"Mtahini wa taifa atasahihisha kwa rangi," akasema, akaiweka fomu ya Mukai kando bila sahihi.

Mukai aliichomoa sumaku kwenye uzi, akaitia tena ndani ya koili, safari hii ncha nyekundu ikiwa upande wa pili, akagusisha waya kwenye betri ile ile iliyokuwa bado mezani. Cheche ikaruka. Alipoitundika, wekundu uligeuka polepole mpaka ukaelekea Mathare, kaskazini.

"Sasa ndiyo nimekosa," akasema. "Sasa jibu langu si kweli tena. Hiyo sifuri nipe sasa."

Matheka alibaki ameshika kalamu. Mukai akaichukua fomu yake, haina sahihi vile vile, akatoka.