Karatasi Ndiyo Inakatwa

Kompyuta ilisema HAPANA. Waringa akaiandikia tena 121, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. HAPANA.

Namba hiyo ukiisoma kutoka huku au kutoka kule ni ile ile, na kuandika programu ya kuona hilo ndiyo kazi yote waliyopewa. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya darasa la wanaoanza, kwenye ukumbi mmoja wa Parklands. Programu yako ikikubali, unaingia darasa la pili. Ikikataa, unarudi kuketi na wapya. Waringa, fundi cherehani wa Uthiru, alisharudishwa mara moja. Akirudishwa tena hangekuja. Alijijua.

Nyokabi, muuza dawa aliyeketi kando yake, alikuwa amemaliza zamani.

"Auntie, leta nikuandikie. Madam hawezi jua."

"Mimi nitajua."

"Haya, kaa na hiyo kiburi yako."

"Nitakaa nayo. Ndiyo imenilea."

Nyokabi akacheka, akamwacha.

Waringa akashuka na mistari kwa kidole, akinong'ona. Hapa inakata tarakimu ya mwisho. Inaishona kule, kwenye namba mpya. Inakata nyingine, inashona. Inakata mpaka inaisha. Halafu inalinganisha ile mpya na ile ya kwanza.

Kidole kikasimama. Ya kwanza gani? Si imekatwa yote?

Alihisi uso ukipata moto. Kila msichana aliyekuja kujifunza kwake alianza na somo hili, kabla hata ya kutia uzi kwenye sindano: mteja akileta gauni ushone lingine kama hilo, lichore kwanza kwenye karatasi. Karatasi ndiyo inakatwa. Gauni linabaki kwenye hanga, ili baadaye uwe na cha kupimia. Na yeye, mwenye somo, ameingiza mkasi moja kwa moja kwenye gauni la watu.

Juu kabisa akaongeza mstari: karatasi = namba. Chini, kila palipokuwa na kukata, akaweka karatasi.

121. NDIYO.

123. HAPANA.

Hakumwita mtu. Alikaa wima, mikono mapajani, mpaka Madam Avni alipofika kwake mwenyewe. Mwalimu akajaribu namba ndefu, kisha nyingine, akasoma mistari yote.

"Mstari wa juu, wengi wameandika nakala. Wewe umeandika karatasi. Kwa nini?"

"Kwa sababu ndiyo inakatwa, Madam."

Avni akaitazama tena.

"Usiibadilishe," akasema. "Tuonane darasa la pili."

Watu wakaanza kukusanya mikoba. Nyokabi akamuuliza kama anatoka. Waringa akamwambia atangulie. Akaandika namba ya kibanda chake, 47, akabonyeza.

HAPANA.

Safari hii ilikuwa kweli: 47 ikigeuzwa ni 74. Akaiacha ing'ae kwenye kioo, akiitazama, huku kiti baada ya kiti kikivutwa nyuma yake.