Kidole cha Fundi

"Nipe sababu moja ya kuikataa simu, baba," binti alisema, mwiko mkononi. "Moja tu, na usinizungushe."

Mzee, fundi cherehani mstaafu, alikuwa ameshatoa mbili tangu asubuhi na zote zimetupwa. Macho? Kwenye simu herufi zinakuzwa mpaka ziwe kubwa kama vifungo vya koti. Mazoea? Hayo si sababu.

Miezi minne nyuma, chama cha kulinda wanyamapori kiliwaarifu wanachama kwa barua kwamba jarida lao litahamia mtandaoni. Anayetaka la karatasi aseme. Barua ilikuwa ya mzee, ila aliyeijibu ni binti. Alikubali kwa niaba yake, akampa simu yake ya zamani, akarudi kukunja nguo za watoto.

Kilichomchoma mzee ni fomu. Katikati ya jarida hubanwa fomu ya kuhesabia ndege, na kwa miaka ishirini na mbili alikaa dirishani akahesabu viota vya korongo juu ya tangi la maji, akaijaza kwa penseli. Mwaka huu fomu imo ndani ya simu, na mwisho wa kupokelewa ni leo saa kumi na moja.

"Cherehani ya umeme hukuiogopa," binti alimchokoza, "leo unaogopa kioo."

Mzee aliiweka simu gotini, akagonga palipoandikwa Jaza Hapa kwa kidole kilichosukuma sindano miaka hamsini. Kimya. Akagonga tena, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa wageni. Ncha ya kidole ilikuwa sugu tupu, ngumu kama kwato. Akajaribu dole gumba. Kimya vilevile.

"Wiki tatu nagonga," alisema. "Hainisikii."

Binti alitaka kumuuliza kwa nini hakusema. Akakumbuka kwamba alisema, na kila mara yeye alimjibu, "Subiri kidogo, baba." Hasira ikampanda upya, safari hii hana pa kuitupa.

Akapigia chama. Dada wa mapokezi, kwa sauti laini, akamweleza kuwa mwanachama mwenyewe aliridhia.

"Hakuridhia. Niliridhia mimi. Nyinyi hamkuuliza ni nani anayejibu?"

Akaambiwa kurudishiwa karatasi kunaombwa kwa barua, ofisini. Fomu za kuandika kwa mkono? Labda zimebaki chache.

"Umeshahesabu?" alimuuliza baba yake.

"Kumi na moja. Kimoja kimeanguka."

Saa tisa na robo. Alizima jiko, akachana karatasi kwenye daftari la mwanawe, akaandika mistari minne, wa mwisho ukisema aliyekosea ni yeye. Mzee akatia saini.

"Vaa viatu."

"Na mboga?"

"Tutazila mbichi. Vaa viatu, baba."

Saa kumi na nusu walikuwa kaunta. Dada wa sauti laini alisoma barua, akaigonga muhuri, kisha akasogeza kompyuta mbele ya mzee ili ajaze hesabu yake.

Binti aliisukuma ikarudi ilikotoka.

"Karatasi," alisema, na mzee akatoa penseli.